Simu Isiyo na Wenzake

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nalisema mapema ili msinitegemee kwa mambo makubwa. Wapo watu waliotoka Njombe wakafika Dubai na kurudi na mabegi yenye magurudumu. Mimi nikishuka sokoni nikarudi, nahesabu nimesafiri, na jioni nataka nipewe pole ya safari. Wageni wakimuuliza mume wangu nilipo, hata hajibu. Anaelekeza kidevu tu kwenye chumba cha mbele, ilipo mashine yangu ya kufuma masweta. Nipo. Miaka yote nipo.

Kwa hiyo asije mtu akadhani naandika habari za simu kwa sababu ni mtaalamu. Nilimaliza kidato cha nne, na matokeo yangu tuyaache yapumzike. Soko huria nililisoma darasani, likaja kwenye mtihani, na nadhani nililikosa. Nililielewa baadaye, nilipoona nyuzi. Nilipoanza kufuma, dukani kulikuwa na uzi wa bluu na uzi wa kijivu, na siku nyingine kulikuwa na mwenye duka peke yake. Kisha milango ikafunguliwa. Malori yakaanza kushusha vitu pale njia panda ya Makambako: mitumba, redio, nyuzi za rangi ambazo hata majina yake hatukuwa nayo, na mwisho kabisa simu. Vyote vikapanda huku kwetu juu, vimechelewa kidogo na vimeongezeka bei kidogo, lakini vikafika.

Simu niliyoipenda kuliko zote ilikuja kwa njia hiyo. Aliileta shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye alikuwa dereva wa lori la mzee mmoja wa Makambako. Mzee huyo alihamia pale zamani akitokea Kondoa, akaanza na lori bovu na msala wa kuswalia, akaishia kuwa na duka la sare za shule ambalo kila mwalimu mkuu wa nyanda zetu alilijua. Kwenye kona ya duka aliweka kabati la kioo la simu. Simu yangu ilitoka mle.

"Shemeji, hii chukua wewe," dereva wetu akaniambia. "Dukani hainunuliwi."

"Kumbe umeniletea iliyokataliwa."

"Nimekuletea nzuri. Walioikataa ni washamba."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mshamba unayejua kusoma."

Nikaipokea. Ilikuwa ya bluu, nyembamba, na ukiiwasha kioo kinajaa vigae vikubwa vya rangi, vimepangwa kama blanketi la vipande. Haikuwa na mfumo ule wa simu za watu wote. Ilikuwa na mfumo wake, uliotengenezwa na watu wengine huko mbali, na watu hao, popote walipo, nawapa heshima zao. Herufi zilisomeka bila kukunja uso. Simu za wenzangu zilikuwa zinaganda katikati ya salamu: mtu anagusa, anangoja, anagusa tena, anaipuliza, anaitazama kwa huzuni kama ndama mgonjwa. Yangu ilikuwa inateleza. Chaji ilikaa hata mwezi wa saba, ukungu ukiwa umelala barabarani na watu wameweka simu zao kwapani zipate joto. Na kamera! Ukipiga picha sweta la rangi ya damu ya mzee, linatoka damu ya mzee. Kwenye simu nyingine linatoka kahawia, au jekundu la soda. Kwa mtu anayekula kwa rangi za nyuzi, hilo si jambo dogo.

Nilijivuna nayo, sitaficha. Niliitoa hadharani baada ya ibada hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza saa.

Mtu wa kwanza kunirudisha chini alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu, mfumaji kama mimi, ambaye nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ua wa matete tu. Kwetu mawifi hutaniana, na sisi wawili hatujawahi kuuangusha ukoo katika hilo.

"Kamwene, wifi," akanisalimu siku moja nje ya kanisa. "Hebu nirushie ule wimbo mpya wa kwaya."

"Hii hairushi."

"Basi mimi nikurushie."

"Haipokei pia. Nyimbo za simu kwa simu haipokei."

"Heh! Simu gani hiyo, inakula peke yake?"

Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka nao, huku moyoni nikisema hamjui kizuri. Lakini tangu siku ile nikaanza kuona. Kwetu hakuna aliyejifunza simu kwa kusoma kitabu chake. Simu inafundishwa na mtu aliyekaa karibu nawe. Unamgeukia mwenzako kwenye benchi, unamwonyesha kioo, anakwambia bonyeza hapa, sasa rudi nyuma, sasa hapa. Nyimbo, video za harusi, programu za kupunguza makalio, vyote vilikwenda mkono kwa mkono namna hiyo. Mimi nikimgeukia mwenzangu anaitazama simu yangu, anasema "nzuri," ananirudishia. Niliyoyajua yote nilijifunza mwenyewe, chumbani, na sikuwa na wa kumfundisha.

Siku kioo kilipopata ufa nikaipeleka kwa fundi simu wa stendi. Akaigeuza na kuigeuza, halafu akanionyesha boksi chini ya meza yake, limejaa maiti za simu.

"Mama, za wenzako kioo kikiharibika, nachomoa kingine humu. Hii yako haina wenzake. Hata waliokufa haina."

Nikamjibu kwamba hiyo inaonyesha hazifi. Akaniambia, au hazizaliwi. Nikaondoka na ufa wangu.

Yote hayo niliyavumilia. Kilichonigusa kwenye mfupa ni oda.

Inabidi nieleze tulivyofanya kazi. Kwa sisi Wabena, watu wakikusanyika kulima shamba la mmoja wao, leo kwako kesho kwangu, na mwenye shamba akawapikia, huo ni mgowe. Sisi wafumaji wa mtaa tuliuhamishia mgowe kwenye masweta. Oda ikiwa kubwa tunaigawa vipande: huyu anafuma migongo, huyu vifua, huyu shingo, na mikono wanapewa wanaojifunza, kwa sababu mkono ukikosewa unafumuka bila msiba. Kila mmoja anafuma kwake. Kisha tunakutana nyumba moja, tunaunganisha, na mwenye nyumba anapika. Ugumu wake unauona mwenyewe: vipande vimetoka kwenye mashine mbalimbali na mikono mbalimbali, lakini sweta lazima litoke moja. Kwa hiyo yupo mshika oda. Huyo ndiye anayepokea kazi kutoka kwa mzee wa Makambako, anagawa, anakagua, na anakataa. Kukataa ndiyo kazi yenyewe.

Mshika oda nilikuwa mimi. Sikuchaguliwa kwa akili. Nilichaguliwa kwa sababu nikitafutwa napatikana. Lakini nilivyokaa nikaipenda nafasi ile, na nitasema bila haya kwamba niliiweza. Nimewahi kumfanya wifi yangu aufumue mgongo mzima mbele ya watu kwa sababu aliuvuta sana pindoni. Alininunia, akaufuma upya, ukatoka mzuri.

Mwanzo oda zilikuja kwa mdomo, kwa shemeji na lori lake. Baadaye mzee akaingia kwenye mambo ya kisasa. Akafungua kundi kwenye ile programu ya meseji ambayo kila mtu anayo, akatuweka humo washika oda wote: sisi wa Njombe, wenzetu wa Mafinga, wenzetu wa Makete kule Iwawa. Akipata kazi anaweka picha ya sweta la mfano na jina la shule, na kundi linalojibu kwanza "tumepokea" ndilo linalochukua. Simu yangu ilikuwa na programu hiyo. Ilikuja kwetu wa mfumo ule imechelewa na kila kipya kilianza kwa wengine, lakini ilikuwepo, na kwa sababu simu yangu haikuganda nilikuwa najibu upesi. Watu wa Mafinga walidhani nalala na kidole kwenye kioo.

Kisha, asubuhi moja, programu yenyewe ikaniandikia. Kwa heshima na adabu ikaniambia kwamba baada ya muda si mrefu haitafanya kazi kwenye simu za mfumo wangu. Waliotengeneza programu wameona watu wa mfumo huo ni wachache mno.

Wiki hiyo hiyo shemeji akapita na habari nyingine. Mzee anazungumza na sekondari moja mpya huko njia ya Kitulo, ambako mtoto asiye na sweta hasomi, anatetemeka tu mpaka kengele ya mwisho. Wanataka sweta la shule nzima, na mzee hataki kuligawa. Lote litakwenda kwa kundi moja. Sisi hatukuwahi kupata shule nzima. Tulikuwa watu wa kidato hiki na nyongeza ile. Shule nzima kutoka mikono yetu, watoto wote mstarini, ilikuwa ndoto ambayo hata hatukuitamka.

Wifi yangu akaja kunifariji, kwa namna yake.

"Wifi, usiumie. Mimi ninayo simu ya kawaida, oda zitakuja kwangu. Wewe nitakukumbuka."

"Utanikumbuka na nini?"

"Nitakupa mikono."

Mikono! Nilimpa chai akanywa, nikamsindikiza mpaka uani, nikarudi ndani nikakaa mbele ya mashine bila kufuma safu hata moja.

Ndipo nikapata wazo, na wazo langu lilikuwa hivi. Kama simu yangu inakufa kwa uchache, dawa ni wingi. Nikawaita wenzangu wote nyumbani. Nilipika viazi na maharage, nikaweka jiko la mkaa katikati ya chumba, nikahakikisha wameshiba kabla sijafungua mdomo. Kisha nikasimama kama mgombea.

Nikawaambia kwamba kwenye kabati la mzee simu kama yangu bado zipo na zimeshushwa bei. Tukinunua sote, kila mmoja atakuwa na wa kumwuliza. Fundi wa stendi atajifunza. Na huko ng'ambo wenye programu watatuona.

"Watatuonaje?" wifi akauliza, mdomo umejaa kiazi.

"Wana mitambo yao. Wataona kwenye ramani Njombe pamewaka."

Hapo nyumba ikacheka mpaka mume wangu akachungulia. Mmoja akasema hata umeme wa Njombe wenyewe hauwaki vizuri. Nikawaacha wacheke, nikaendelea kuhutubia, mpaka jirani yangu mmoja, Mkinga, mama mwenye kibanda cha nguo sokoni na mashine ya kufuma nyumbani, akanyoosha mkono kama yuko shule.

"Dada, mimi ni Mkinga, nina swali la kibiashara. Ile mashine ya sista iko wapi?"

Nilijua mara moja anaelekea wapi, na nikatamani nisingempikia.

Miaka michache nyuma sista mmoja wa upande wa Uwemba alikuwa anahama, akanipa nafasi ya kwanza kununua mashine yake ya kufuma, ya Ulaya. Niliijaribu mchana mzima. Ilifuma michoro yenyewe, ilibadili rangi bila kukata uzi, ilikuwa nyepesi kama kupapasa paka. Mashine yangu, ambayo ndiyo mashine ya kila mfumaji kuanzia Makambako hadi Makete, ukiifananisha na ile ni jembe. Na niliirudisha kwa sista kwa asante nyingi, nikabaki na jembe langu.

"Iko alikoipeleka mwenyewe," nikasema.

"Ulikataa kwa nini? Ilikuwa mbovu?"

"Haikuwa mbovu."

"Sasa?"

"Sindano zake hazipatikani."

"Hazipatikani kwa nini, dada?"

"Kwa sababu hakuna mwenye duka wa kuleta sindano za mashine ambayo hakuna mtu..."

"Malizia," wifi akasema. "Tunakusikiliza, mheshimiwa."

Nikawaongezea chai. Lakini walipokwisha kuondoka nilikaa nikaitazama mashine yangu, nikaona kwamba nilivyoifanyia mashine ya sista ndivyo dunia inavyoifanyia simu yangu, na kwa sababu zile zile, na hakuna mwenye ubaya. Mwenye duka haleti sindano kwa sababu wenye mashine hawapo. Wenye mashine hawapo kwa sababu sindano hazipo. Na mashine yangu mbovu haikuishinda ile kwa ubora wake. Ilikuwa na sindano katika kila duka la nyuzi, fundi katika kila mji, na wifi nyuma ya ua anayeweza kusema "vuta hapo, umeruka tundu." Yote hayo yamo ndani ya mashine, ingawa hayaonekani unapoinunua. Kitu kipya kinachotaka kushinda hakishindani na mashine peke yake. Kinashindana na maduka, mafundi na mawifi wote kwa pamoja, na kinaingia uwanjani hakina hata mmoja.

Hata hivyo kuelewa si kukubali. Kesho yake nikafanya jambo ambalo mtaa mzima ulitoka kulishuhudia: nikapanda gari kwenda Makambako, mwenyewe, kumwona mzee. Nilivaa koti la mume wangu na viatu vya ibada. Kwenye mfuko nilibeba sweta moja la mgowe wetu wa mwisho, na nilikuwa na ombi moja: oda zangu nipewe kwa kupigiwa simu ya kawaida, maana kwa kupigiwa simu yangu haikuwa na neno.

Upepo wa Makambako ulinipokea kwa kunivua kitambaa. Nilipofika dukani mzee alikuwa amekaa mlangoni na kofia yake na kikombe cha kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si ndiye yule asiyetoka?"

"Ndiye."

"Leo imekuwaje? Njombe kumeungua?"

Tukasalimiana. Mzee yule hasalimii kwa haraka. Aliniuliza nyumbani, akauliza mume wangu na mbao zake, akauliza mvua, viazi, mama mkwe, ng'ombe wa mama mkwe. Kisha nikatoa simu yangu nikamweleza shida, na wifi yangu alivyojitolea kushika oda. Akaichukua kwa mikono miwili.

"Hii niliipenda mimi," akasema. "Nilileta boksi zima. Mteja akiingia anaishika, macho yanamng'aa, anaisifu. Halafu anauliza, 'Ina ile?' Kila mmoja na ile yake. Huyu anataka mchezo wa mwanawe, huyu programu ya benki, huyu ile ya kwaya yake. Namwambia inakuja."

"Ikaja?"

"Nimesema inakuja mpaka nimeona haya. Wenye programu wanasema, wateja wa simu hiyo wakiwa wengi tutakuja. Wateja wanasema, programu zikija tutanunua. Mimi nimekaa katikati kama mshenga, kila upande unaniambia nimwambie mwenzake aanze." Akanirudishia. "Simu haina kosa. Ilifika wakati watu wameshakaa."

Akaomba kuona nilichobeba. Nikatoa sweta. Aliligeuza ndani nje, kama wanavyofanya wanaojua, akapitisha kidole begani pale mkono unapoungana na mwili, akashuka ubavuni mpaka pindoni.

"Wamefuma watu wangapi hili?"

"Wengi, mzee. Kila kipande na mtu wake."

"Mimi naona mtu mmoja."

Niandike nini hapo? Nilitazama barabarani, nikajifanya nahesabu malori. Sijawahi kusifiwa hivyo kabla wala baada, na nikifa, pale msibani watu wakikosa la kusema, waseme hilo.

"Basi," mzee akasema, "wewe nitakupigia. Nikishaweka picha kwenye kundi nakupigia nakueleza. Hiyo ni heshima yako."

Nilikuwa nimepata nilichofuata. Ningeweza kusema asante, nikarudi kwetu na simu yangu na nafasi yangu. Na nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo kusema asante hiyo wakati mtu wa duka alipomletea mzee sweta jipya la mfano, la shule ya msingi, kazi ndogo tu. Mzee akalipiga picha, akaliweka kwenye kundi. Hajaiweka simu mezani ikalia.

"Mafinga hao," akasema, akicheka. "Wameshachukua."

Nikapiga hesabu ya mzee kunipigia mimi. Nyumbani, mume, mbao, mvua, viazi, mama mkwe, ng'ombe.

"Mzee," nikasema, "nashukuru sana, lakini hapana. Mimi na wewe tukisalimiana mpaka tufike kwenye sweta, Mafinga watakuwa wameshafika shingoni."

Alicheka mpaka kahawa ikamwagika. "Basi oda ashike wifi yako."

"Anipe mikono? Hapana. Nitolee ile simu kabatini."

"Ipi?"

"Ile wanayoshika wote. Mbaya hiyo hiyo."

Kuna mtu atasema nilishindwa. Mimi siioni hivyo. Kubaki na simu yangu kwa hisani ya mzee kungewafanya wenzangu wote wachelewe nyuma yangu, na shule nzima ipite mbele ya macho yetu, ili tu mimi nionekane nina msimamo. Na sikutaka kuhurumiwa kwenye kazi ninayoiweza. Nikainunua simu ya watu wote nimesimama wima. Mzee mwenyewe akaniwekea programu na kuniingiza kundini pale pale.

"Lakini nisikilize," nikamwambia, na watu wa duka wakasikia. "Hii naichukua kwa ajili ya kazi. Simu ni ile."

"Najua, mwanangu," mzee akasema. "Mimi si ndiye niliyeileta."

Nilirudi nikakuta wifi yangu yuko mlangoni kwangu, amenishikia nyumba kama niliyekwenda hija. Akaiona simu mpya kabla hata ya kunipa pole.

"Karibu kwa watu," akasema.

"Nimekuja kuwaangalia tu, sikai."

Aliketi nami jioni ile ile, bega kwa bega, akanionyesha bonyeza hapa, sasa rudi nyuma, sasa hapa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufundishwa simu na mtu. Sikumwambia kwamba ilikuwa raha. Simu ya bluu niliibakiza kwa picha za rangi, na programu ilipozimika kama walivyoahidi, mimi nilikuwa nimeshahama.

Oda ya shule ilikuja asubuhi ya ukungu. Nilikuwa mbele ya mashine, ningekuwa wapi kwingine. Picha ikafunguka pole pole kutoka juu kwenda chini: shingo ya V yenye mstari mweupe, na mwili wa rangi ambayo simu ile iliniambia ni kahawia, na mimi nikajua papo hapo ni damu ya mzee. Nikaandika "tumepokea." Simu ikaganda. Kaneno kangu kamekaa pale kama mbuzi barabarani, hakaendi mbele wala nyuma, na mimi nimesimama katikati ya chumba naomba kwa Kibena na kwa Kiswahili. Halafu kakaondoka. Chini yake, papo hapo, likaingia la Mafinga, na chini ya la Mafinga la Iwawa. La kwetu lilikuwa juu.

Mzee akaandika mbele ya makundi yote: "Njombe, chukueni. Nataka lifanane na lile nililolishika dukani kwangu."

Nikatoka nje, nikapiga kelele juu ya matete.

"Wifi! Shule nzima!"

"Unasema?"

"Shule nzima! Imekuja kwetu!"

Akatokea na uzi umemning'inia shingoni, akapita katikati ya ua badala ya kuzunguka, matete yakavunjika na mpaka leo hajayasimamisha. Alishika simu, akaisoma mwenyewe, akaisoma tena kwa sauti, kisha akanitazama kwa uso ambao nilikuwa sijauona tangu aolewe.

"Gawa," akasema. "Mimi nipe chochote."

Nikampa migongo, kwa sababu hakuna anayefuma mgongo kama yeye akiwa hajavuta pindo. Mkinga nikampa vifua. Kabla ukungu haujainuka mashine zilikuwa zinasikika, ya wifi ng'ambo ya ua, ya Mkinga chini ya mteremko, na nyingine ambazo sikujua ni za nani. Mimi nilichukua shingo. Mtoto akisimama mstarini kwenye baridi ya kule, shingo ndiyo inayoonekana kwanza.